Je, pakanga iruhusiwe kuuzwa kama dawa ya malaria?

Mkulima wa Karagwe
Ndugu zangu, naomba tujadiliane kwa utulivu. Huku kwetu pakanga, ile artemisia yenye majani membamba na harufu kali, imekwisha kutoka bustanini na kuingia sokoni. Majani yake makavu yanauzwa katika vifuko, na muuzaji humwambia mteja bila kificho kwamba chai yake inatibu malaria. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba halipendekezi mmea huo utumike kwa namna yoyote, iwe chai au unga, kutibu wala kukinga malaria. Wakati huohuo, dawa ya mseto tunayopewa zahanati asili yake ni mmea huohuo. Swali langu ni moja tu: serikali iruhusu vifuko hivi visajiliwe na kuuzwa kama dawa ya malaria, au ivipige marufuku? Mimi mwenyewe nimeotesha robo ekari, kwa hiyo sijifanyi mtu asiye na maslahi.

Mfamasia wa Tanga
Ivipige marufuku, tena isingoje kesho. Mtu mzima anayetibiwa kwa ALu, ndiyo hiyo dawa ya mseto, humeza vidonge vinne kwa mkupuo, mara sita ndani ya siku tatu, jumla vidonge 24, na kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Jani la pakanga halina lebo. La bonde hili lina artemisini nyingi, kiambata chenye nguvu ya dawa, na la mlima ule lina kidogo; lililovunwa kabla ya mmea kuchanua si sawa na lililochelewa, na lililokaa ghalani ni habari nyingine kabisa. Watafiti waliotengeneza chai kwa gramu 9 za majani katika lita moja ya maji walipata miligramu 94.5 za artemisini, yaani kama asilimia 19 ya kipimo cha siku kilichozoeleka. Kumtibu mgonjwa kwa asilimia 19 ni kumpiga nyoka mkiani. Wapenzi wa dawa za kienyeji wasitulazimishe sote kulipa gharama ya usugu, yaani vimelea kuizoea dawa.

Mjukuu wa Mganga
Mfamasia, hesabu zako nimezisoma na sina ugomvi nazo, lakini kuna neno limenichoma na siwezi kulipita kimya. "Dawa za kienyeji." Sheria ya mwaka 2002 inasema tiba asili na tiba mbadala, baraza lake lipo, Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili, nawe msomi bado unaandika "kienyeji" kana kwamba babu yangu alikuwa akiwapa watu majani ya kufungia maandazi. Mwenyeji ni mwenye nyumba. Tangu lini cha mwenye nyumba kikawa tusi? Nenda sokoni ukaulize bei: kuku wa kienyeji ni ghali kuliko wa kisasa, mayai ya kienyeji yanagombaniwa, ila dawa ikiitwa ya kienyeji ndipo pua zinakunjwa.

Bint Mwinyi
Hoja ya kuku imenimaliza nguvu. Hata hivyo, Mjukuu, neno hilo halikuanza na Mfamasia. Lilizoeleka tangu enzi ambapo mgeni ndiye mwenye hospitali na mwenyeji ndiye mwenye mizizi, na sisi tukalirithi pamoja na majengo. Kwetu pwani tunasema dawa za miti shamba, na hakuna anayeona haya. Mama yangu alitupikia mwarobaini kila homa ilipotuingia, na uchungu wake naukumbuka mpaka leo, ingawa siwezi kuapa kama tulipona kwa mwarobaini au kwa kuogopa kuongezewa kikombe cha pili.

Mfamasia wa Tanga
Kwa neno nitaomba radhi. Kwa hesabu siombi. Wala nisihesabiwe kuwa mtoto wa mgeni, kwa sababu nami nimekunywa mwarobaini. Ninachokataa ni tabia ya kumwacha mgonjwa azungukwe na heshima badala ya kipimo. Mwaka 2011 tulipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mzizi wa mugariga kilichodaiwa kuponya maradhi sugu, na wapo walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu ya kikombe hicho. Nilikuwa kaunta wakati ule na niliwaona waliporudi.

Mjukuu wa Mganga
Nilijua kitakuja! Hapajawahi kuzungumzwa tiba asili katika nchi hii bila mtu kuleta kikombe cha Babu wa Loliondo, utadhani waganga wote walikutana Samunge wakapiga kura. Daktari mmoja akikosea upasuaji, hatusemi upasuaji wote ni uongo. Na mbona mnasahau kwamba artemisini yenyewe ilitoka kwa wenyeji wa China? Yule mama wa Kichina alichemsha majani kama alivyochemsha bibi yake, akapewa Nobel mwaka 2012. Bibi yangu alichemsha majani, akapewa jina la mchawi.

Mwalimu wa Kemia
Mjukuu, kwa heshima ya bibi yako na babu yako, turekebishe mambo mawili. Tuzo aliyoipata Tu Youyou ilikuwa ya mwaka 2015. La pili ni zito zaidi: hakuchemsha. Kuchemsha ndiko kulikokuwa kumewakwamisha. Mradi wao wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, uliopewa namba 523 kwa kuwa ulianza tarehe 23 Mei 1967, ulipitia maelfu ya mapishi ya tiba ya Kichina, na dondoo la pakanga lilikuwa likionyesha nguvu leo na kulegea kesho. Ndipo akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maelekezo ya kuloweka konzi ya majani katika maji, kuyakamua na kunywa maji yake. Moto haukutajwa. Akabadili njia, akatumia kimiminika kiitwacho etha, ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 liliwasafisha panya wa maabara vimelea vyote. Baadaye yeye na wenzake walilinywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote.

Kwa nini moto uwe adui? Ndani ya molekuli ya artemisini kuna daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, na nguvu yote ya dawa imo katika daraja hilo, ambalo joto kali laweza kulivunja kabla halijafika kazini. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu hula himoglobini, protini ya damu, na mabaki ya mlo wake ni hemi, yenye chuma. Chuma hicho hulivunja daraja palepale, na vipande vinavyotokea huharibu protini za kimelea huku na huku. Kwa lugha nyepesi, kimelea huuawa na shibe yake. Sasa, vimelea vyenye mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13 vimejifunza kufunga: vikiwa vichanga hupunguza kula, chuma kinakuwa kidogo, na dawa haiwashwi inavyotakiwa.

Jambo la mwisho, ambalo naomba lijibiwe: artemisini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Ndiyo maana imefungwa pamoja na lumefantrini, inayobaki damuni siku kadhaa na kuwamaliza vimelea waliosalia. Chai haina lumefantrini. Nani atawamaliza waliosalia?

Bint Mwinyi
Mwalimu, "vimejifunza kufunga" si lugha ya kutumia kwa kimelea. Kufunga ni ibada. Semeni vimejinyima.

Mwalimu wa Kemia
Nimekubali. Vimejinyima.

Mtoto wa Maniema
Mnazungumza kana kwamba mambo haya hayajapimwa, na yalipimwa kwetu Kongo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa waliopewa chai ya pakanga na wengine kwinini: siku ya saba, waliopona kwa chai walikuwa asilimia 74 kwa wastani, na wa kwinini asilimia 91. Asilimia 74 kwa majani yaliyooteshwa nyuma ya nyumba si mzaha, hasa pale ambapo zahanati iko mwendo wa siku mbili na rafu za dawa ni tupu. Halafu ulikuja utafiti wa jimbo letu la Maniema, uliohusisha wagonjwa karibu elfu moja, nao ukasema chai imeishinda dawa ya mseto. Uko wapi leo? Jarida liliuondoa. Sisi wa Maniema tuna haki ya kuuliza nani alinufaika ulipoondolewa.

Mfamasia wa Tanga
Ndugu yangu, umesoma utafiti wa 2004 hadi siku ya saba ukafunga ukurasa. Endelea mbele: wengi wa waliokunywa chai vimelea viliwarudia katika wiki zilizofuata, kuliko waliopewa kwinini. Hao ndio "waliosalia" wa Mwalimu. Na huo wa Maniema uliondolewa kwa sababu ya mashaka juu ya namna ulivyofanywa na takwimu zake. Si kila mlango unaofungwa umefungwa na kampuni ya dawa. Mingine hufungwa kwa sababu ndani hamna kitu.

Mtoto wa Maniema
"Ndani hamna kitu" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto mwenye degedege akitembea usiku kucha. Mpwa wangu alibebwa hivyo. Tulipofika, muuguzi alituonyesha sanduku tupu. Hapo unataka nimpe mtoto nini, jarida?

Mfamasia wa Tanga
Pole sana, na sikukusudia kukuumiza. Lakini mtoto mwenye degedege la malaria hawezi kunywa chai, na hata angeweza, isingemfaa. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti, na kama sindano iko mbali, kidonge cha artesuneti cha kuwekwa njia ya haja kubwa ili apate muda wa kufikishwa hospitali. Hasira yako ielekee kwenye sanduku tupu.

Mjukuu wa Mganga
Hasira zetu sasa zinapangiwa mwelekeo. Mwaka 2020 Madagaska ilipotoa kinywaji chake cha pakanga kwa ajili ya korona, serikali yetu ilituma ndege kukifuata, na sikumbuki wafamasia wengi waliosimama hadharani kuuliza miligramu. Walinyamaza. Miligramu huulizwa pale muuzaji anapokuwa mama wa sokoni.

Mwalimu wa Kemia
Hilo la Madagaska limetua, na halina utetezi. Kinywaji kile kilitangazwa kabla ya kuthibitishwa, na ukimya wetu ulikuwa aibu. Ila kosa la kutouliza jana haliwi ruhusa ya kutouliza leo.

Shemeji wa Kampala
Niongeze jambo kwa upande wa pakanga, maana naona inabebeshwa na mizigo isiyo yake. Huku Uganda ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jamii ya shamba la maua: waliokunywa chai hiyo mara moja kwa wiki walipungukiwa na marudio ya malaria wakilinganishwa na wenzao. Wapo pia watafiti wa Marekani waliowalisha panya jani zima lililokaushwa, wakaona usugu unachelewa kujitokeza kuliko kwa artemisini iliyosafishwa, na wanadhani viambata vingine vya jani huisaidia artemisini kazi yake. Panya si mtu, nalijua hilo. Hata hivyo, kusema kwamba jani ni artemisini kidogo tu iliyochanganywa na takataka ni kusema zaidi ya kinachojulikana.

Mfamasia wa Tanga
Shemeji, hoja ya panya ninaipa heshima yake. Ya chai ya kila wiki inanitisha kuliko zote, maana ni kipimo kidogo, kila wiki, kwa watu wengi wasioumwa, katika nchi ambayo vimelea vyenye kelch13 iliyobadilika vimekwisha kuonekana kaskazini yake. Kwa vimelea hivyo, chai hiyo ni shule.

Mkulima wa Karagwe
Nimesoma yote, na naona mmefika Madagaska na China bila kupita kwangu. Mabadiliko hayo ya kelch13, aina ya R561H iliyoripotiwa Rwanda mwaka 2020, yameonekana pia huku Kagera, hasa wilayani kwangu. Kwa hiyo ninaposikia neno usugu sisikii jambo la maabara. Nakumbuka klorokwini, dawa yetu ya zamani ya malaria, ilivyotuwasha mwili mzima na bado homa ikabaki palepale, mpaka ikaondolewa mwaka 2001. Nilisoma pia kwamba Malawi waliiacha mwaka 1993, na baada ya miaka kama kumi hivi vimelea vyao vilikuwa vimeusahau usugu wenyewe, klorokwini ikafanya kazi tena. Lakini nani atatupa miaka kumi ya kuipumzisha mseto, na tukiipumzisha tutameza nini?

Swali la Mwalimu nimelirudia mara tatu. Sina jibu la lumefantrini. Nilipouliza kama vifuko visajiliwe, nilikuwa natarajia kusikia ndiyo. Sasa ninayo kilo kumi na mbili za majani makavu stoo. Niyatupe?

Mjukuu wa Mganga
Usiyatupe. Tafuta maabara iyapime ujue yana nini. Matokeo yakija, uzia watafiti.

Mwalimu wa Kemia
Wakulima wa Kenya na Tanzania walikwisha kuotesha pakanga kwa mikataba ya kuuzia viwanda, bei ikapanda na kuporomoka, na tangu mwaka 2013 ikaongezeka njia ya kutengeneza artemisini kwa kuanzia kwenye hamira iliyobadilishwa vinasaba. Kilo kumi na mbili hazitamfikisha mbali. Lakini kuna matumizi mengine yaliyofanyiwa utafiti: majani makavu huchanganywa kwenye chakula cha kuku kupambana na koksidiosi, ule ugonjwa wa kuharisha damu. Aanze na banda moja, aandike anachokiona.

Bint Mwinyi
Kuku wa kisasa au wa kienyeji?

Mfamasia wa Tanga
Wa asili, dada yangu. Wa asili.