Prado 120 kwenye mchanga laini wa Eliye Springs: nishushe upepo hadi ngapi?

Safari_Kaskazini
Wadau, mwezi ujao tunatoka Lodwar kwenda Eliye Springs, kando ya Ziwa Turkana, na Toyota Prado 120. Matairi ni 265/65R17 A/T (ya lami na njia mbovu), tubeless, yaani hayana tyubu ndani. Tuko watu wanne, mizigo nyuma na madumu mawili ya dizeli. Kwenye lami natembea na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 34 mbele, 38 nyuma. Kuhusu ule mchanga wa karibu na ziwa, mmoja ananiambia nishushe hadi 25, mwingine 12. Nimfuate nani? Na tairi halitachomoka kwenye rimu?

Lagga_Kavu
Wote wawili wako sawa, ila kila mmoja anaongelea kitu tofauti. 25 ni ya barabara ya changarawe yenye vijituta, gari lisitikisike. 12 ni ya kujinasua ukishazama. Kwa mzigo wako anza na 18 mbele, 20 nyuma.

Sababu ni hesabu tu. Gari lenye tani 2.4 linaweka kama kilo 600 kwa kila tairi. Psi 35 ni karibu kilo 2.5 kwa sentimita mraba, kwa hiyo tairi linagusa chini eneo la sentimita mraba 240 hivi. Ukishuka hadi 18 eneo hilo linakaribia 470. Na tairi halitanuki sana kwa upana kama watu wanavyodhani, linarefuka. Kwa hiyo kuweka matairi mapana halafu ukayaacha na upepo wa lami hakukusaidii kitu.

Shusha ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Bonyeza kipini cha vali, hesabu dakika kwa tairi la kwanza mpaka lifike 18, halafu mengine fuata muda huohuo na umalizie kwa geji. Geji ni lazima, kwa macho utakosea.

Jambo moja wengi hulisahau: matairi yakitoka lami yana moto. 18 uliyoipima mchana yakichemka, asubuhi utaikuta 14 au 15. Ukipima ya moto, acha psi 3 zaidi.

Fundi_wa_Rimu
Kuhusu kuchomoka: kinachoishikilia midomo ya tairi kwenye rimu ni huo upepo. Kwa 18 mdomo bado umekaa vizuri. Chini ya 15 hatari inaanza, na sana sana haichomoki ukienda mbele moja kwa moja. Inachomoka ukikata kona kali kwa kasi, ukiteleza ubavu, au ukirudi nyuma usukani ukiwa umekatwa huku magurudumu yanazunguka bure. Kwa 12 tembea kama mtu anayetembea kwa miguu, usukani umenyooka, na ukishatoka jaza mara moja.

Mwenye matairi ya tyubu asishuke hivyo. Tairi linazunguka kwenye rimu, tyubu inavutwa, shingo ya vali inakatika.

Likichomoka, piga jeki juu ya ubao (bila ubao jeki yenyewe itazama), safisha mchanga wote kwenye mdomo, paka maji ya sabuni, kisha toa kile kipini cha ndani ya vali ili upepo uingie kwa nguvu. Mchanga ukibaki hapo, upepo utavuja polepole na utahangaika kutafuta mwiba ambao haupo.

Dereva_Jangwa
Mimi ningeshusha 16 kote. Nyuma 20 na mzigo ule bado ni ngumu kwa mchanga mkavu wa saa nane mchana. Asubuhi mapema, sawa, mchanga umeshikana kidogo.

Lakini upepo peke yake haukutoshi. Prado 120 inavuta magurudumu yote muda wote, kwa hiyo funga difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) kabla hujaingia. Ondoka taratibu, shika mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati. Kusimama usikanyage breki, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki inakusanya kichuguu cha mchanga mbele ya kila tairi, na hicho ndicho utakachoshindwa kukipanda ukiondoka. Ukihisi gari linazama, acha mafuta PAPO HAPO. Sekunde chache za kukanyaga zinalaza chesisi chini, na hapo psi ngapi hazina maana tena, ni beleshi.

Safari_Kaskazini
Asanteni. Kompresa ninayo, ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Au nirudi Lodwar polepole na 18, nijazie huko?

Lagga_Kavu
Usirudi hivyo. Kwa 18, kilomita 40 kwa saa ndiyo mwisho. Kwenye barabara ngumu ubavu unakunjwa kila mzunguko, unachemka, nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Nje huoni kitu, halafu linapasuka siku nyingine ukiwa 100 kwenye lami.

Kompresa ya kwenye tundu inabanwa na fyuzi, mara nyingi ampea 10 au 15, ndiyo maana ni dhaifu. Tafuta ya kubana moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma. Hiyo yako itafanya kazi, ila kwa matairi manne ipumzishe kila baada ya tairi moja, inaungua haraka. Na beba vipini viwili vya vali vya akiba. Ukikidondosha kwenye mchanga hukioni tena.