MREJESHO: Kibao cha kihistoria kwenye nyumba ya babu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje ili nyumba ya babu ipate kibao cha kihistoria (kile cha ukutani kinachoeleza historia ya jengo), mkaniambia nianze na ushahidi, fomu baadaye. Mlikuwa sahihi kabisa, maana mara ya kwanza nilipeleka simulizi za wazee tu na zikarudishwa. Basi nikaanza kufukua, hati ya kiwanja, risiti za kodi ya jengo, ramani ya zamani, picha za harusi ya bibi nyumba ikionekana nyuma, halafu siku moja fundi anapiga msasa mlango wa uani, rangi tabaka nne zimetoka, tukakuta mwaka umechongwa kwenye mbao! Mama alilia. Tukaupiga picha na rula pembeni, ukaingia kwenye faili.

Maombi yamepita. Maneno ya kuandikwa kwenye kibao tulibishana sana, nilitaka "nyumba ya kwanza mtaani" ila sina uthibitisho, tukaitoa, na naona ni haki.

Jambo moja muhimu: kibao peke yake hakizuii nyumba kubomolewa, ulinzi wa kisheria una maombi yake, na hayo ndo nayaandaa sasa. Asanteni sana.