Naomba ushauri: nafundisha mabinti 8 kukanda wazazi hapa Moshi, nianzie wapi?

Kahawa_Kilema (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wapendwa. Niko Pasua, Moshi. Nimekusanya mabinti 8 ambao huitwa majumbani kuhudumia wazazi, yaani kina mama waliotoka kujifungua: kukanda kwa maji ya moto, kuchua mgongo na miguu, kuogesha mtoto, kupika mtori. Kazi ipo, ila kila mmoja kafundishwa na bibi yake na kila mmoja anakanda kivyake. Nataka mafunzo ya siku 5, saa 3 kwa siku. Vifaa nilivyo navyo: beseni 4, taulo, mdoli mmoja. Nianze na nini? Maji yawe ya moto kiasi gani? Tumbo likandwe au liachwe? Na nikiwapa cheti, kuna shida? Natanguliza shukrani.

Mkunga_Majengo
Dada, siku ya kwanza asishike mtu taulo. Siku nzima iwe ya jambo moja: mzazi gani haguswi, na mzazi gani anapelekwa hospitali sasa hivi. Mkono mzuri wa kuchua unaumiza kama mwenye mkono hajui kuangalia.

Wafundishe kuuliza kabla ya kuvua viatu mlangoni: amejifungua lini, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, ana mshono, amebadilisha pedi ngapi tangu asubuhi, kichwa kinauma, anaona vizuri? Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa ya damu, hakuna kukanda, ni hospitali. Vivyo hivyo joto la mwili la 38 na kuendelea, uchafu wenye harufu mbaya, degedege, kuhema kwa shida, au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu. Hilo la kichwa mkazie sana, maana ni dalili ya kifafa cha mimba, lile degedege la presha, na wengi hudhani huisha mtoto akitoka. Kinaweza kumpata mama ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua. Kama kikundi kina mashine ya presha, mama akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, ndipo apimwe. 140/90 ni kwenda kliniki siku hiyohiyo. 160/110 ni dharura.

Usafiri ukiwa tatizo, namba ya bure 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na vichanga, kila binti aiandike kwenye simu yake palepale darasani.

Rau_Madini
Nyongeza kwenye miguu, kwa sababu hapo ndipo wachuaji wengi hukosea. Mzazi damu yake huganda upesi kuliko kawaida. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye kigimbi na kuwa wa moto kuliko mwenzake, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukiuchua, bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, na mama akafa.

Wape futi ya fundi cherehani. Watafute kile kinundu cha mfupa chini ya goti, washuke sentimita 10, wapime mzunguko wa kigimbi, kisha mguu wa pili mahali palepale. Tofauti ikizidi sentimita 3, mikono chini, apelekwe. Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya kujifungua ni kawaida, ila bado waulize presha.

Mzee_wa_Kiboriloni
Wanangu, mnawatisha mabinti bure. Maji yasipokuwa ya moto sawasawa damu chafu haitoki, mama anabaki na tumbo. Bibi zetu walikanda kwa maji ya kutoka jikoni na wazazi walipona.

Mkunga_Majengo
Shikamoo mzee. Kwa heshima yako, hapo kwenye damu panahitaji kunyooshwa. Damu ya uzazi haitolewi na joto la ngozi. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, na kinachoukaza zaidi ni mtoto kunyonya. Ndiyo maana mama husikia tumbo likikata mtoto akishika titi. Siku ya kujifungua mfuko huwa karibu na kitovu, hushuka kama sentimita moja kwa siku, na kufikia wiki ya pili huupati tena kwa mkono juu ya kinena. Damu nayo hubadilika: nyekundu siku 3 au 4, kisha ya waridi, kisha majimaji meupe ya manjano, hadi wiki 6 hivi. Ikirudi kuwa nyekundu nyingi, hapo kuna shida, na dawa yake si beseni.

Kinachofanywa na maji ya uvuguvugu ni kulegeza misuli ya mgongo na nyonga na kumpa mama usingizi. Hicho ni kitu kikubwa tayari. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde 5 tu. Na aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kabla ganzi haijaisha, hasikii kama anaungua.

Kwa hiyo dada, tumbo: lisisukumwe, lisikamuliwe, lisikandamizwe kwa ngumi. Taulo la uvuguvugu likipumzishwa juu yake dakika 10, kwa aliyejifungua kawaida, halina ubaya. Aliyepasuliwa, kidonda kikae kikavu. Mkande mgongo, mabega na miguu tu. Mshono wa njia ya uzazi usikandwe wala kutiwa maji ya chumvi kali au majani. Kanga ya kufunga tumbo isikaze: kiganja kipite kati ya kanga na ngozi.

Soweto_Moshi
Kwa upande wa maji nakupa hesabu ya kufundishia. Moshi maji huchemka kama nyuzi 97. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 20, lita 1 iliyochemka kwa lita 3 za baridi inakupa karibu nyuzi 39, na hapo ndipo pa kukandia. Juu kule Marangu asubuhi bomba ni baridi zaidi, kwa hiyo punguza baridi iwe lita 2 na nusu.

Baridi itangulie beseni, ya moto ifuate. Ukianza na ya moto, mtoto mkubwa wa nyumba akijikwaa amekwisha. Koroga kwa mwiko hadi chini, kwa sababu ya moto hukaa juu na kidole kinakudanganya. Kisha tumbukiza kiwiko, si kiganja. Kiganja cha mpishi kimezoea. Taulo likamuliwe hadi lisidondoshe, likunjwe mara nne, liguse kwanza mkono wa ndani wa binti mwenyewe. Birika na chupa ya chai zikae nje ya chumba anacholala mtoto.

Mtihani wa siku ya pili uwe huu: kila binti achanganye maji mara 3 bila kuona kipimajoto, halafu upime wewe. Mara zote 3 yawe kati ya 37 na 40. Asiyefika arudie kesho. Kipimajoto kiwe cha maji, si cha kwapani.

Na akiungua mtu: maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete, funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai na unga visiguse.

Rau_Madini
Kuchua sasa. Kijiko 1 cha chakula cha mafuta kwa mguu mmoja, 2 kwa mgongo, yamiminwe kwenye kikombe kidogo ili chupa isichovywe vidole. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo Juni na Julai asubuhi utayakuta meupe kama samli. Weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 5, usiyaweke jikoni. Ya alizeti hayakupi tabu hiyo. Zile dawa za kuchua zenye kafuri na menthol ziachwe kabisa kwenye chumba chenye kichanga. Zinaweza kumziba pumzi.

Mama alale ubavu, mto kati ya magoti. Kifudifudi hapana, matiti yamejaa. Mkono utoke kwenye kifundo kwenda juu, kuelekea moyo, mara 5 au 6, kiganja chote kikilala kwenye ngozi. Nyuma ya goti pita bila kubonyeza. Mgongoni, dole gumba litembee vidole viwili kando ya uti, kamwe si juu ya mfupa. Mwambie mama ataje namba 0 hadi 10 ya maumivu. Ikifika 4 punguza. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Kucha fupi, pete nje, glovu kama kuna damu. Kila mzazi na taulo lake, lichemshwe, lianikwe juani.

Kahawa_Kilema
Asanteni sana, nimebadilisha ratiba yote. Mtoto je? Bibi mmoja anawafundisha kuvuta pua na kukamua vichuchu vya kichanga.

Mkunga_Majengo
Vyote viwili viachwe. Pua haikui kwa kuvutwa, na kile kichuchu kimevimba kwa homoni za mama, kitashuka chenyewe; ukikikamua unaweza kuleta jipu. Kuoga kungoje saa 24 tangu azaliwe. Maji nyuzi 37, dakika 5, mlango umefungwa. Kitovu kikae kikavu, nepi ikunjwe chini yake, kisipakwe chochote ambacho hakikutoka hospitali. Kumchua iwe angalau nusu saa baada ya kunyonya, kwa uzito wa kufuta vumbi kwenye jani. Joto la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, au kugoma kunyonya, au pumzi 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia: hospitali. Kuhesabu pumzi wahesabu dakika nzima kwa saa ya mkononi, si nusu wakazidisha mara mbili, kwa sababu kichanga hupumua kwa vipindi.

Soweto_Moshi
Kuhusu cheti: waganga wa tiba asili husajiliwa na Baraza chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na unesi una usajili wake mwingine. Kwa hiyo karatasi yako isiandikwe mkandaji aliyesajiliwa wala nesi msaidizi. Andika jina, saa 15 alizohudhuria, na mambo aliyofaulu, likiwemo lile la beseni. Kabla hujaanza, pita ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa uombe nesi wa kliniki ya wazazi akae nanyi siku ya kwanza. Baadaye mabinti ndio watakaokuwa wanampigia, ni vizuri wamjue sura.