Tangazo linasema "riba nafuu", fomu imejaa maneno siyaelewi. Nichukue au niache?

Mama Juisi Moro: Wakuu heshima kwenu. Nina biashara ya juisi na maji hapa Msamvu, nataka kuongeza friza mbili. Nimeona tangazo la kampuni moja ya mikopo (jina naomba nisilitaje) RIBA NAFUU ASILIMIA 3.5 TU, MKOPO RAFIKI, MKOPO WEZESHI. Nimeenda ofisini nikapewa fomu, humo ndani kuna ada ya uchakataji, riba ya flati, bima ya mkopo, gharama za ufuatiliaji, nikimuuliza afisa mikopo anasema hizo ni taratibu za kawaida mama usiwe na wasiwasi. Nataka milioni 2 kwa mwaka mmoja. Naombeni mnieleweshe maana hata usingizi sipati.

Babu wa Turiani: Riba ni dhambi mwanangu. Mke wangu alianza na maandazi na hisa za VICOBA, leo tuna nyumba na hatujawahi kusaini karatasi ya mtu. Vijana wa sasa mnataka kila kitu leo.

Jembe Halilali: Mkopo rafiki 😂😂 siku ya rejesho huyo rafiki anakuja na Kirikuu kubeba kochi

Mhasibu Mstaafu: Dada anauliza hesabu jamani. Hiyo 3.5 ni ya kila mwezi, kwenye tangazo neno mwezi wamelila. Sasa flati maana yake wanakokotoa kwenye milioni 2 nzima mpaka mwezi wa mwisho hata kama ulishalipa zaidi ya nusu, yaani 70,000 mara 12 unapata 840,000. Ingekuwa riba ya salio linalopungua kwa asilimia hiyohiyo, rejesho lingekuwa kama 207,000 kwa mwezi badala ya 236,667, na riba ya mwaka mzima haifiki 490,000. Uchakataji ni hela ya kushughulikia fomu, wengi wanakata juu kwa juu. Wamekuandikia asilimia ngapi? Dhamana umeweka nini?

Mama Juisi Moro: Uchakataji 5, bima 2. Asante sana. Ila biashara yangu inalipa, msimu wa joto naweza kurejesha bila shida.

Mhasibu Mstaafu: Basi mkononi unapokea 1,860,000 na riba unalipia milioni 2. Na hiyo bima ukifa inamlipa mkopeshaji deni lake, watoto wako hawapewi kitu. Dhamana hujanijibu.

Binti Kilosa: Mimi walinipata na hizo "gharama za ufuatiliaji", nilichelewa kidogo tu nikajikuta nadaiwa mafuta ya pikipiki ya jamaa aliyekuja kunigongea mlango mbele ya wapangaji wenzangu. Nilihama ile nyumba kwa aibu. Dada jibu swali la dhamana.

Mama Juisi Moro: Haya. Nimeshasaini juzi. Dhamana ni kadi ya pikipiki ya mdogo wangu, ndo anayoendeshea boda. Yeye anajua nimeiazima kadi, hayo mengine sijamwambia. Msinishambulie, friza nimeshalipia advansi na huyo afisa namfahamu, tunasali wote.

Kisiki cha Mpingo: Chai hii. ID mpya, kila ukiulizwa unatoa kipande kipya cha hadithi. Ukurasa wa pili utatuwekea namba ya simu ya hiyo kampuni "iliyokusaidia".

Mama Juisi Moro: Kaka ningekuwa natangaza ningeficha jina? ID nimefungua kwa ajili ya hili, siwezi kuuliza kwa ID ambayo ndugu zangu wanaijua.

Jembe Halilali: Chai ina tangawizi kabisa

Binti Kilosa: Hata kama ni chai, watu wangapi humu wamesaini karatasi ya hivyohivyo? Kausha damu zote, hii mikopo ya kunyonya watu, zinaanza na maneno matamu.

Mhasibu Mstaafu: Mimi namuamini. Dada, hela imeshaingia?

Mama Juisi Moro: Bado, wamesema kesho mchana.

Mhasibu Mstaafu: Basi asubuhi uwe pale kabla yao. Omba kuona leseni ya Benki Kuu, daraja la pili, yaani la wakopeshaji wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Omba nakala ya mkataba na jedwali la marejesho yote 12. Wakikataa kukupa, andika barua ya kusitisha, wakugongee muhuri kwenye nakala yako, uichukue kadi. Advansi ya friza hata ikipotea ni hasara ndogo kuliko pikipiki. Na dogo mwambie leo, ndo ugali wake huo.

Mama Juisi Moro: Advansi yenyewe ni laki mbili lakini…

Babu wa Turiani: Laki mbili zinarudi. Mpigie mdogo wako.

Kisiki cha Mpingo: Ukilipata hilo jedwali lipige picha ulilete hapa, ficha majina. Nikiliona nafuta niliyosema.