Ushauri: Binti yetu aitwe Hadasa? Na huu mche ni mhadasi kweli?

BabaMtarajiwa_Tabata: Wakubwa shikamooni. Mke wangu anakaribia kujifungua, mtoto ni wa kike, na anataka aitwe Hadasa. Mama yangu hataki kusikia: eti mjukuu hapewi jina la mti, yaani mhadasi, ambao hakuna ndugu aliyewahi kuuona. Jina nalipenda, ila sitaki mama abaki na kinyongo. Pia muuza miche wa hapa mtaani ana kichaka chenye maua ya waridi yaliyokunjamana, anasema ndio mhadasi. Natamani kuupanda siku ya kumtoa mtoto nje. Nishaurini.

BiMkubwa_Temeke: Marahaba mwanangu. Mama msomee Esta 2:7. Hadasa ndilo jina la Kiebrania la Malkia Esta, yatima aliyelelewa na Mordekai akaja kuwaokoa watu wake. Kisha Isaya 55:13, mibigili inapoondoka na mhadasi kumea mahali pake. Ila usiende kubishana. Nenda na mkeo, mkae naye, mumwombe achague yeye jina la ukoo. Bibi akishirikishwa hanuni.

Fundi_Bustani: Huo mche achana nao. Maua ya waridi yaliyokunjamana ni ya mti mwingine wa Asia, na hata familia yake ni nyingine. Mhadasi wenyewe, Myrtus communis, ni wa pande za Mediterania: ua jeupe la petali 5, katikati nyuzi nyingi nyembamba, tunda dogo la bluu iliyoiva hadi weusi. Chuma jani ulifikiche, harufu inapanda puani hapo hapo. Liinue juani, utaona vitone vya mafuta.

Na mama mwambie ndugu za mti huo anawajua vizuri: mpera, mzambarau, mkarafuu na mkaratusi, wote familia moja.

DadaWaKigamboni: Kaka, hilo jina limebeba mazuri mengi. Wayahudi hushika matawi yake kwenye Sikukuu ya Vibanda. Wagiriki wa kale waliuhusisha na Afrodite, mungu wao wa mapenzi, na mabibi harusi wa kifalme Uingereza hutiwa kitawi chake kwenye shada. Mpeni mtoto.

BabaMtarajiwa_Tabata: Asanteni sana. Jani la ule mche nimelifikicha, halinuki kitu. Fundi, nikiupata wa kweli joto la Dar utaliweza?

Fundi_Bustani: Jua unalipenda. Adui ni maji kutuama, na masika yetu unayajua. Anza na chungu chenye matundu, udongo uchanganye na mchanga, uuweke panapopita upepo.