Naomba ushauri: ultramarathoni ya baridi kwa ajili ya kuchangisha fedha, nimeshatangaza na sasa nina maswali

Kigingi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Niende kwenye mada. Marathoni nimeshazimaliza, na mwaka jana nilimaliza kilomita 80 za milimani, lakini hali ya hewa ilikuwa nzuri. Sasa nimepania Arrowhead 135, ultramarathoni (mbio ndefu kuliko marathoni) ya kule Minnesota, Marekani. Hufanyika mwishoni mwa Januari. Ni maili 135, yaani kama kilomita 217 juu ya theluji, unaburuta sledi (chombo cha kuteleza juu ya theluji, hakina magurudumu) yenye vifaa vyako, na una saa 60. Nia ni kuchangisha fedha kwa shirika linalohudumia watoto wenye saratani. Nimeshatangaza kwa ndugu, marafiki na kazini, na ahadi zimeanza kuingia.

Sasa ndiyo nakuja kuuliza. Ninapofanyia mazoezi hakuna theluji ya maana, nijiandaeje? Nguo nivae vipi? Je, ni sawa kutoa nauli na ada ya mbio kwenye michango? Na nikikwama njiani, hela za watu inakuwaje?

Wazoefu naomba mnisaidie. Wa kukatisha tamaa nao karibuni, ila kwa hoja.

Pangu Pakavu

Watu wanalipa nauli kuikimbia baridi, wewe unalipa ada kuifuata. Nimekaa hapa nasoma maoni.

Buruta Taratibu

Mkuu, hongera kwa wazo. Kabla ya yote piga hesabu hii: 217 gawanya kwa 60 unapata kama kilomita 3.6 kwa saa, na humo kuna kula, kulala na kubadili soksi. Ukiwa na sledi hutakimbia sana. Utatembea, tena kwa muda mrefu kuliko ulivyowahi kutembea. Kwa hiyo punguza mazoezi ya kasi, ongeza saa za kutembea na mzigo.

Theluji usiitafute. Tafuta tairi la gari, mkanda mpana wa kiunoni na kamba ya mita mbili hivi, kisha buruta kwenye vumbi au nyasi. Tairi linakwaruza ardhi, haliteletezi kama sledi, na hiyo ndiyo faida yake: kiuno, nyonga na visigino vinazoea kuvutwa nyuma saa nzima. Anza na muda mfupi, ongeza kidogo kidogo. Wikiendi fanya safari ndefu Jumamosi, halafu nyingine Jumapili ukiwa bado umechoka. Baadhi zifanye usiku. Januari kule giza ni refu kuliko mchana, na mtu ambaye hajazoea kutembea saa nane za usiku akiwa peke yake na taa ya kichwani huanza kusikia mambo.

Kwenye nguo, adui wa kwanza ni jasho. Ukiwa unaburuta mzigo kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, mwili unatoa joto la kutosha kabisa. Shida inakuja unaposimama kufungua fundo la kamba: nguo iliyolowa inaanza kukunyonya joto, na hapo dakika chache tu zinatosha kukuharibia usiku mzima. Ndiyo maana wazoefu huondoka kwenye mstari wa kuanzia wakiwa wanasikia ubaridi. Mgongo ukianza kulowa, fungua zipu, vua kofia, punguza mwendo. Kupunguza mwendo wakati miguu inataka kwenda ndiko kunakowashinda watu wa marathoni.

Inayogusa ngozi iwe sufu laini au sintetiki. Pamba iache nyumbani, hata chupi. Katikati nguo ya kutunza joto, nje ya kukata upepo. Koti nene la manyoya ya bata hulivai ukitembea. Linakaa juu kabisa ya mzigo, unalivaa pale pale unaposimama, kabla hujasikia baridi. Viatu chukua saizi kubwa kuliko ya kawaida. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinazuia damu, na vidole vinapata baridi kuliko ungevaa moja.

Mengine kwa haraka. Mrija wa mfuko wa maji utaganda, usiutegemee. Beba chupa ya kuhifadhi joto, au chupa ya mdomo mpana ukiigeuza kichwa chini, maana barafu huanzia juu ya maji. Chokoleti inageuka jiwe, kwa hiyo ikate vipande vidogo kabla na uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, pamoja na simu. Taa weka betri za lithiamu. Za alkalini zinazimika mapema kwenye baridi.

Halafu jiko. Lipo kwenye orodha ya vifaa vya lazima, sambamba na mfuko wa kulalia wa kuhimili kama nyuzi 29 chini ya sifuri na chakula cha akiba. Wengi wanalinunua, wanalijaribu jikoni kwao, basi. Lijaribu usiku, nje, kwenye upepo, mikono ikiwa imetoka kwenye maji ya barafu. Ukiweza kuyeyusha barafu ukapata kikombe cha maji ya moto katika hali hiyo, una jiko.

HesabuKwanza

Nitakuwa mkali kidogo, mkuu, usininunie.

Jumlisha nauli, malazi, ada, sledi, koti, mfuko wa kulalia. Kama jumla inazidi unachotarajia kuchangisha, kubali tu kwamba unaenda kwenye mbio zako na hisani imepanda mgongoni. Hakuna ubaya. Ubaya ni mchangiaji kuamini hela yake imemfikia mtoto mgonjwa, kumbe imenunua glavu.

Kwa hiyo lipa gharama zako mwenyewe, zote, na uandike hivyo waziwazi kwenye tangazo. Michango iende moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, isipite kwenye simu yako hata kwa usiku mmoja. Na uwaandikie shirika kabla hujatumia jina na nembo yao. Wengi wana utaratibu, na watakupa mtu wa kuwasiliana naye. Kwenye baadhi ya mbio utasikia pia kuna nafasi za hisani: shirika linakupa nafasi kwa sharti la kufikisha kiasi fulani. Soma masharti ujue nini kinatokea usipofikisha. Ukijilipia nafasi yako, presha hiyo haipo.

Kingine: urefu wa mbio hauleti hela. Mtazame Kevin Sinfield wa Uingereza. Desemba 2020 alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 kwa ajili ya Rob Burrow, waliyecheza naye raga Leeds Rhinos, ambaye alikuwa na ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Lengo lilikuwa pauni 77,777, kwa kuwa Burrow alivaa jezi namba 7. Zikapatikana zaidi ya pauni milioni 2. Novemba 2021 akaenda maili 101 kutoka Leicester hadi Leeds ndani ya saa 24. Nina hakika wachangiaji wengi hata hawajui marathoni ina kilomita ngapi. Rob walimjua. Sasa kwenye tangazo lako umeeleza maili, sledi na saa 60. Watoto umewapa sentensi moja.

Nesi wa Zamu

Naongezea la afya, maana wanaume mkianza kuongelea vifaa hamwishi.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili ya kutambua kwamba linashuka inaondoka nayo. Mtu anaanza kujikwaa, anaangusha vitu, anavuta maneno, ananuna bila sababu. Ukijiona unashindwa kufunga zipu uliyoifunga asubuhi bila shida, usisubiri dalili nyingine: koti, kitu kitamu, kinywaji cha moto, ingia kwenye mfuko wa kulalia. Anayetetemeka bado ana nafuu. Akiacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, hali imekuwa mbaya. Wengine hufikia kuvua nguo wakidhani wanaungua.

Kuganda kwa viungo huanzia pua, masikio, mashavu na vidole. Ngozi inakuwa nyeupe au ya kijivu, halafu maumivu yanaisha. Maumivu kuisha si habari njema. Usisugue, usipake theluji. Na kama kuna uwezekano kitaganda tena mbele ya safari, usikiyeyushe. Tafuta msaada kwanza. Upepo nao uuheshimu: nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama iko kwenye 33 chini ya sifuri.

Msidhani natisha. Mwaka 2018 kwenye mbio za baridi za Yukon Arctic Ultra, Kanada, mshiriki mmoja kutoka Italia alipatikana akiwa ameachana na sledi yake. Aliganda vibaya mikono na miguu, hadi akakatwa viungo.

Swali kwako Kigingi: una pumu? Na vidole vyako hubadilika kuwa vyeupe ukishika kitu cha baridi?

Kigingi

Nesi, pumu sina. HesabuKwanza, umeniumiza lakini umesema kweli, nauli nitajilipia. Buruta Taratibu, tairi nimeshaanza kuulizia.

Ila lile swali la mwisho bado linanisumbua. Bosi wangu ameahidi kiasi kikubwa "ukimaliza". Nisipomaliza je?

Mwendo wa Usiku

Hapo ndipo penye mzigo wako mkubwa, kuliko hiyo sledi.

Fikiria saa tisa usiku, kilomita ya 130, vidole viwili vya mguu havina hisia tangu kituo kilichopita. Mtu ambaye hajachangisha chochote anajua la kufanya: anatafuta gari la theluji linalopita, anarudi, mwakani atajaribu tena. Wewe kichwani una bosi, shangazi, kundi la kazini, na picha ya mtoto uliyoiweka kwenye tangazo. Utajiambia "kidogo tu, nisiwaangushe". Kwenye mbio za kawaida sauti hiyo inakufikisha mwisho. Kwenye baridi ndiyo inayokatisha vidole.

Kwa hiyo badilisha ahadi sasa, ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Mwombe bosi atoe kabla ya mbio, au aahidi "ukianza". Wote waandikie kwamba fedha zinaenda kwa watoto hata ukiishia kituo cha kwanza. Halafu andika masharti yako ya kuacha, umpe mtu mmoja wa nyumbani asiye na huruma ya kijinga. Kwa mfano: nimeshindwa kuwasha jiko, naacha. Kidole kimekosa hisia na hakijarudi baada ya kukipasha, naacha. Saa tisa usiku hutakuwa na akili ya kutunga sheria, utakuwa na akili ya kuitii tu, tena kwa shida.

Ushauri mwingine: usiruke kutoka kiangazi hadi Arrowhead. Isitoshe, mbio za namna hii waandaaji huangalia uzoefu wako. Anza na fupi ya msimu huo huo. Spine ya Uingereza, kwa mfano, ina ile ndefu ya maili 268 mwezi Januari, ambayo Jasmin Paris aliishinda mwaka 2019 kwa saa 83 na dakika 12, akiwatangulia wanaume wote, huku vituoni akisimama kukamua maziwa ya mwanawe. Lakini wana pia ya maili 46. Hiyo ni matope, upepo na giza la kutosha kukuonyesha kama nguo zako zinafanya kazi.

Ngumi Jiwe

Napinga. Ukiwaambia watu hela zinakwenda hata usipomaliza, nani atachangia? Msisimko wote ni kumaliza. Mimi huchangia kwa kila kilomita, na mkimbiaji anajua nasubiri.

HesabuKwanza

@Ngumi Jiwe kwa mbio za jiji sawa, mtu akichoka anapanda basi. Hapa unamlipa mtu ili apuuze vidole vyake. Msisimko upo: nyingi ya hizi mbio huwa na ramani ya mtandaoni inayoonyesha kila mshiriki alipo. Watu watakaa macho kuangalia nukta yako, na nukta ikisimama watauliza hali yako.

Kigingi

Nimeongea na bosi, amekubali "ukianza", tena amecheka kwamba hakuwaza. Mwaka huu naenda na mbio fupi, Arrowhead nasogeza mbele. Tangazo nimelirekebisha, limekuwa hivi:

"Januari nitashiriki mbio za baridi za maili 46. Gharama zote nalipa mwenyewe. Mchango wako unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, na unawafikia watoto nikimaliza au nisipomaliza. Nikipata dalili za hatari nitaacha." Chini yake nimeweka maelezo ya huduma wanazopata watoto, shirika wamenisaidia kuyaandika.

Nesi, samahani, swali la vidole nililiruka. Ndiyo, vidole viwili vya mkono wa kulia huwa vyeupe kabisa nikiosha vyombo kwa maji baridi, halafu vinarudi vikiwa vinawasha. Nilidhani ni kawaida.

Nesi wa Zamu

Kwa mtu anayeenda kwenye theluji hilo si jambo la kuliruka. Mishipa midogo ya damu inajibana kupita kiasi, na vidole vya namna hiyo viko kwenye hatari zaidi ya kuganda. Muone daktari, mweleze kila kitu pamoja na mbio zenyewe, na ada usilipe mpaka amekuangalia. Ukitoka huko rudi hapa utuambie amesemaje.