Land Rover 109 kupaki mvua yote, nifanyeje?

Wakuu habari, nina 109 ya dizeli hapa Dodoma, Desemba mpaka Aprili siitumii kabisa maana njia ya shamba kule Bahi inakuwa tope tupu. Nifanyeje isiharibike?

— Mkuu jaza tenki full, likibaki nusu unyevu unageuka maji humohumo ndani. Chomoa teminali hasi ya betri, na handibreki usivute, weka mawe tu kwenye matairi, la sivyo brekishuu zinagandia kwenye dramu.

— Na panya jamani, wanatafuna waya balaa! Ila kikubwa osha chini kabla hujaipaki, bodi ni alumini lakini chesisi ni chuma, tope likikaa kwenye pembe linaila taratibu huku juu inang'aa.

— Nashukuru sana wakuu, turubai je?

— Bora banda la wazi, turubai linatunza jasho.